Farasi Aliyeguswa

"Umemgusa farasi, lazima umcheze huyo huyo, sheria ni—"

"Nimemgusa lini? We una macho manne na bado—"

"—sheria ni kugusa ni kucheza!"

"—na bado huoni."

Huyo wa mwisho ni Pilipili, msichana wa darasa la sita, asiyemezeka hata kwa maji. Mbele yake ameketi Miwani, mvulana wa shule ya jirani, na kati yao ubao wa sataranji. Ilikuwa raundi ya mwisho. Atakayeshinda ndiye atakayekwenda mashindano ya taifa.

Pilipili alicheza ulinzi aliofundishwa na shangazi yake, fundi cherehani: hukai ukipigwa tu, unajibu kofi kwa ngumi. Ni ulinzi mtamu, lakini una makali pande zote. Ukiteleza mara moja, umejikata mwenyewe. Na Pilipili aliteleza. Alimshika farasi, akaona akimwondoa, mfalme atabaki bila mlinzi, akamwachia kama kaa la moto. Akasogeza malkia.

Mwamuzi, mwalimu wa hesabu, alikuwa amegeukia meza ya pili. Akasema hakuna shahidi, mchezo uendelee.

Hapo baba yake Miwani, dereva wa lori, akaja amevimba. Akamwambia mwanawe mbele ya ukumbi mzima kwamba kushindwa si aibu, aibu ni kusingizia wenzako, na kwamba nyumbani watajuana. Akatoka, mlango ukalia nyuma yake.

Miwani hakulia. Alipeleka mkono kwenye kete moja, akauhamishia nyingine, asijue ashike ipi.

Pilipili alijaribu kumkasirikia, hasira ikakataa kwenda huko. Ikamrudia yeye mwenyewe.

"Mwalimu, nilimgusa," alisema kama anayegombana. "Nilimgusa, basi."

Malkia akarudishwa, farasi akachezwa. Hatua tatu tu, mfalme wa Pilipili kwisha.

Shangazi akamjia kutoka kwa watazamaji, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Pilipili alitegemea kubembelezwa. Wapi.

"Nilikufundisha kumlinda mfalme wa mti, nikasahau kukufundisha kulilinda neno lako," alisema shangazi. "Uongo hauanzi kwa kumla aliyeusema, mwanangu. Unaanza na jirani. Umekiri, vizuri, lakini umechelewa, na kuna mtu kaumia."

Miwani alikabidhiwa cheti. Hakukitazama. Alisimama mbele ya Pilipili, bado amenuna.

"Twende wote kwenye lori," alisema. "Naomba ukamwambie baba. Mimi hataniamini."