Pombe ya Ndizi Si Ujira

Kahawa ilipoiva kijijini Muyama, Mzee Tharsisi alituma salamu kwa majirani: "Kesho njooni mnisaidie." Watu waliacha mashamba yao, wakachuma kahawa yake hadi jioni. Kisha akatoa mtungi wa urwagwa, ile pombe ya ndizi. Wakauzunguka, wakanywa kwa mirija, wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Waliuita ujima. Ujima wa mababu ulikuwa leo kwangu, kesho kwako. Lakini kesho ya Tharsisi haikufika kamwe! Kahawa aliiuza, lori akanunua, na jembe la jirani hakulishika tena.

Mwaka ule wa tisini na nne, mvua za mwisho zilikawia kukatika. Maharage ya Immakulata na mumewe Leonidasi yalikuwa yamekauka shambani. Yakiota ndani ya maganda, watoto wangelala njaa.

"Baba Aline, leo tuvune ya kwetu," alisema Immakulata.

"Tumkatae Mzee Tharsisi, naye ametuita leo? Watu watatuonaje?"

"Na watoto watakula nini? Mirija?"

Leonidasi alichukua kikapu cha kuchumia kahawa. Alishika njia ya kwenda kwa Tharsisi, na mkewe akamfuata kwa uchungu. Njiani walikutana na Mwajabu, Bibi Maendeleo wa kata. Immakulata alimweleza yote.

"Mzee Tharsisi alikuja lini kulima kwenu?" aliuliza Mwajabu.

"Tangu anunue lori, hajaja."

"Basi ninyi ni vibarua wake. Kibarua hulipwa ujira wake jioni, kazi ikiisha. Na ujira ni fedha. Sheria hairuhusu kumlipa mtu kwa pombe. Tena serikali imeweka kima cha chini. Hata ukikubali mwenyewe kupokea pungufu, mwajiri bado amekosa."

"Akitufukuza je?"

"Mtakwenda serikali ya kijiji. Ikishindikana, nitawapeleka kwa Afisa Kazi, Kigoma. Lakini lazima mseme wenyewe. Jioni nitakuja na mwenyekiti."

Jioni, kazi ilipoisha, mtungi ukatolewa. Tharsisi akamnyoshea Immakulata mrija. Kwa Waha, wenyeji wa huko, kukataa mrija ni tusi kubwa. Ni kama kusema mwenye nyumba ametia sumu. Immakulata akaficha mikono nyuma.

"Asante, mzee. Sinywi. Naomba ujira wangu."

Watu wakaacha kunywa.

"Yewe! Unanitukana kwangu?" Tharsisi alifoka. "Toka! Na kisima changu usikikanyage tena!"

 Kisima kingine kilikuwa mbali, bondeni. Immakulata alimtazama mumewe, na mumewe akatazama chini. Mwanamke yule aliona uchungu ambao sitaki kuueleza.

Kisha Leonidasi akauweka mrija wake chini. "Na mimi naomba wangu, mzee."

"Na mimi," alisema Ndayikeza, mjane wa jirani.

Mwajabu aliingia uani pamoja na Felisiani, mwenyekiti wa kijiji.

"Mwenyekiti, huu ni ujima wa baba zetu!" alilalamika Tharsisi.

"Ujima ni zamu, mzee," alijibu Felisiani. "Zamu yako ya kuwalimia hawa iko wapi?"

Tharsisi aliinuka. Aliingia ndani akatoka na fedha, uso umekunjamana. Mwajabu alisimama pale mpaka wote wakalipwa kama serikali ilivyopanga. Kesho yake Immakulata na Leonidasi walivuna maharage. Machache yalikuwa yameota. Mengi yalipona.

Baadaye mkutano wa kijiji ulipitisha sheria ndogo: anayeita vibarua apatane nao ujira kabla ya kazi, mbele ya mashahidi. Na kisima, ni marufuku kumfungia mtu.

Msimu uliofuata Tharsisi alibisha hodi kwa Immakulata.

"Mama Aline, kesho nina kahawa. Tupatane."

"Kesho sipatikani, mzee. Navuna kwangu. Labda keshokutwa."

Immakulata alishika mlango kwa nguvu, akingoja matusi. Tharsisi alikohoa.

"Haya," alisema. "Keshokutwa."