Mume Wangu Alijifulia Nguo Zake Mwenyewe

"Toka! Toka na uchafu wako nyumbani kwangu!"

Begi langu liligonga ukuta wa kibaraza, likafunguka. Nguo zikamwagika mbele za watu...

Jumapili, saa nne asubuhi. Majirani wote wapo. Waliokuwa wanaanika nguo waliacha, vibanio mkononi.

Anayenirushia nguo ni mume wangu wa miaka mitatu. Anayemsaidia kwa maneno ni wifi yangu, mdogo wake, mimba ya miezi minane, mkono kiunoni.

"Kaka, mwambie aurudishe ugonjwa alikoutoa!"

Nikaokota nguo moja moja, nikazikunja. Ndiyo, nilizikunja! Mimi ni dobi, hata nikifukuzwa sibebi nguo zilizokunjamana.

Sikulia. Mwili wote ulikuwa umekufa ganzi, nikawa naona mikono yangu inafanya kazi tu.

Najua mnajiuliza nilifumaniwa na nani. Sikufumaniwa na mtu, ndugu zangu. Kaeni niwaambie.

Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Mashuka, taulo, makoti ya wapishi. Kutwa nzima nimesimama kwenye sinki, maji ya dawa ya madoa yananirukia mpaka nguo za ndani zinalowa. Pale kila mtu ameungua mikono. Tunapaka mafuta ya mgando, maisha yanaendelea.

Basi nilipoanza kuhisi muwasho na moto huko chini, nikajua ni dawa ya madoa.

Kesho yake vikatoka vipele vidogo vyenye maji, vimejikusanya pamoja. Nikapaka yale mafuta ya mikono! Msinicheke.

Siku ya tatu vikapasuka, vikawa vidonda. Kukojoa... jamani, nilikuwa nang'ata taulo. Homa juu. Mitoki imevimba kwenye kinena.

Nikamwambia msimamizi wetu, tunamwita Mama Pasi.

"Mama, dawa ya madoa imeniunguza."

"Wapi?"

"Huko..."

Akazima pasi. Huyu mama hazimi pasi hata moto ukiwaka.

"Dawa ya madoa haileti homa, mwanangu. Nenda hospitali leo."

"Naona aibu kumvulia nguo mtu nisiyemjua."

"Mficha uchi hazai. Nenda!"

Sikwenda. Nilipita duka la dawa, nikasema nina fangasi, nikapewa dawa ya fangasi. Wiki nzima ikapotea hivyo.

Jumapili ile mume wangu akaniona nachechemea. Nikasema, huyu ni mume, nimfiche nini? Nikamwonyesha.

Alitazama mara moja tu.

"Nani kakupa?"

Lishikeni hilo swali. Hakuuliza inauma, wala hakuuliza ni nini. Mimi bado nalaumu dawa ya madoa, mwenzangu ameshajua ni kitu cha kupeana!

Lakini siku hiyo sikuliona. Akampigia simu dada yake, na yaliyofuata mmeshayasikia.

Mama Pasi akanipokea kwake. Jumatatu akanishika mkono mpaka kituo cha afya, kama mtoto wa chekechea.

Muuguzi alikuwa mama mpole asiye na haraka. Akaangalia, akachukua majimaji ya kidonda kwa kijiti chenye pamba.

"Inaelekea ni malengelenge ya sehemu za siri. Herpesi. Kipimo kitathibitisha, na tutapima Ukimwi na kaswende pia."

"Nimeungua na dawa ya kufulia, dada."

"Dawa ya kufulia haivimbishi mitoki."

"Inapona?"

"Vidonda vinapona. Virusi vinabaki vimelala mwilini, vinaweza kurudi, ila mara nyingi si kwa ukali huu. Dawa ya kuvituliza ipo, na ukiiwahi siku za mwanzo inasaidia zaidi. Ukiona dalili, hakuna kukutana na mwenzako mpaka upone kabisa. Siku nyingine kondomu. Vinaweza kuambukiza hata bila kidonda, na kondomu inapunguza tu."

"Sijawahi kutoka nje ya ndoa."

"Sijakuuliza. Mtu anaweza kukaa navyo miaka bila kujua. Kidonda hakisemi nani kamkosea nani. Una mimba?"

"Sina."

"Ungekuwa nayo ningekugombeza kwa kuchelewa. Hasa miezi ya mwisho, mtoto anaweza kuambukizwa akizaliwa, na kwa kichanga ni hatari."

Nikaitikia. Sauti yake ilinifikia kutoka mbali, lakini kila neno nililishika.

Mchana nikaanza kufua nguo zilizotupwa. Katikati yake nikakuta ovaroli la mume wangu, nililolikunja jana bila hata kuliona. Yeye ni fundi umeme, na kwa hasira alilirusha pamoja na zangu.

Hapa kuna jambo mlijue. Mume wangu hakuwahi kuniachia nguo zake nifue. Hata soksi! Watu walinionea wivu. "Mke dobi, mume anajifulia! Shoga, umeokota dodo!" Nami nikawa natamba.

Sasa, sheria ya kwanza ya kazi yetu ni kupekua mifuko kabla nguo haijagusa maji. Kalamu moja inaharibu mashuka arobaini. Vidole vyangu havisubiri ruhusa.

Mfuko wa ndani... vidonge. Nusu vimeliwa. Na karatasi ya daktari iliyokunjwa mara nne.

Nikaweka vidonge vyake kando ya vyangu nilivyopewa asubuhi.

Jina lile lile.

Karatasi ilikuwa na jina lake, jina la ugonjwa na tarehe. Miaka sita iliyopita!

Nikalifua ovaroli. Nikalipiga pasi.

Ijumaa majibu yakatoka: herpesi kweli, Ukimwi na kaswende hakuna. Jumamosi mama mkwe akaita kikao sebuleni kwa mume wangu, wifi naye yupo. Nilijua nikitoka pale bila kujitetea, nitaitwa malaya mpaka nazikwa.

"Mwanangu anasema umemletea ugonjwa," mama mkwe akasema. "Una la kusema?"

"Nimeleta ovaroli lake, mama. Ni safi."

Nikaliweka mezani. Juu yake nikapanga vidonge vyangu, vidonge vyake na karatasi.

"Dawa ni moja, mama. Hivi vyangu ni vya Jumatatu. Karatasi yake ina miaka sita. Ndoa yetu ina mitatu."

Mama mkwe akavaa miwani, akasoma. Akasoma tena.

"Ulijua?"

Mume wangu akatazama sakafu.

"Niliupata kabla sijamfahamu. Niliogopa angenikataa."

"Ndiyo ukamtupa nje mbele ya watu?"

"Angeenda hospitali... angejua ni mimi. Nikawahi kumlaumu yeye."

Nilisubiri hasira, haikuja. Nilimsikia kama redio ya jirani. Nikaaga, nikatoka.

Nyuma yangu nikasikia kandambili. Wifi! Akanikamata mkono chini ya kamba ya nguo.

Nikadhani anataka ugomvi. Nikasimama tu, anitukane amalize.

"Wifi... huo ugonjwa... unaanza na muwasho? Kama moto?"

Nikageuka.

"Halafu vipele vya maji?"

"Ndiyo."

"Vinapasuka?"

"Wifi, una nini?"

Akaniachia mkono, akaikamata kamba.

"Leo siku ya nane. Jumapili ile nakutukana, nilikuwa navyo. Nilikuona unavyofukuzwa, nikasema, mume wangu naye akiviona... nitatupwa wapi na tumbo hili?"

Nililitazama lile tumbo. Huyu ndiye aliyenivua nguo mbele ya mtaa. Ningeweza kuondoka, na hakuna ambaye angenilaumu.

"Unajifungua lini?"

"Wiki tatu zijazo."

"Vaa viatu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi!"

Muuguzi alikuwa yule yule. Alimpima, akamwanzishia dawa, akaandika barua ya kwenda kwa daktari wa uzazi, maana kujifungua kwa upasuaji kungeweza kumkinga mtoto. Kisha akamwambia neno moja.

"Umewahi."

Hapo ndipo nililia, wapendwa. Baada ya siku sita zote! Nililia kwenye benchi la kituo cha afya mpaka wifi akawa ananibembeleza mimi, yeye na tumbo lake.

Kwa mume wangu sijarudi. Ugonjwa ningeubeba naye, wala nisingemsimanga. Ila yeye alinitwisha mzigo, halafu akanipigia kelele za mwizi.

Nawe unayesoma huku umebana miguu, nakuomba. Ukiona malengelenge au vidonda huko, usikisie kama mimi. Nenda hospitali vikiwa vibichi, vipimwe. Ukishindwa kukojoa, au kichwa kikauma sana na shingo ikakaza, au una mimba, nenda siku hiyo hiyo. Na ukijua unao, mwambie mwenzako kabla hajavua nguo.

Mtoto wa wifi ana miezi minne sasa, mzima kabisa, mashavu hayo! Nepi zake nafua mimi.