Betri ya Hironimus

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei mwaka 2024, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Skolastika aliketi ukingoni mwa kitanda, kule Mshangano, nje kidogo ya Songea, akaushika mkono wa mumewe, Hironimus, ili amhesabu mapigo. Ilikuwa asubuhi kama nyingine. Moto wa chai ulikuwa umeshika, na ukungu ulikuwa umelalia mahindi yaliyokauka shambani yakingoja kuvunwa. Aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, akaitazama saa ya ukutani, akangoja.

Hakusikia kitu.

Mwaka uliotangulia, Hironimus alianguka shambani jembe likiwa mkononi. Haikuwa malaria wala pombe. Moyo wake ulikuwa ukisahau kupiga. Alipelekwa Dar es Salaam, akarudi na betri ya moyo: kidude kidogo kama kibiriti, kimefukiwa chini ya ngozi karibu na bega la kushoto, na waya mwembamba umepita ndani ya mshipa hadi moyoni.

"Moyo ukichelewa, betri inausukuma," alieleza Devota, nesi aliyempokea Songea. "Ukijipigia wenyewe, inanyamaza na kuusikiliza."

Devota ndiye aliyemfunza Skolastika kumtunza. Amhesabu mapigo dakika nzima kila asubuhi kabla hajainuka. Yakishuka chini ya sitini, au mgonjwa akiona kizunguzungu, amlete mbio. Asitumie kidole gumba, maana kina mapigo yake chenyewe. Wiki za mwanzo mgonjwa asiinue mkono wa kushoto kupita bega, waya usije ukachomoka. Simu isikae mfuko wa kifuani. Kovu liangaliwe lisivimbe. Na asisogelee mashine ya kuchomelea vyuma.

Skolastika aliyashika yote kama anavyoshika rozari.

"Unanihesabu kama kuku, Mama Osmund," Hironimus alimtania. "Na wewe anakuhesabu nani?"

"Mungu."

"Basi iko siku nitamsaidia."

Lakini macho ya watu hayana pazia. Jirani yao Brigita alikuja alfajiri moja kuomba moto, akapita kando ya dirisha. Akamwona mwanamke ameshika mkono wa mwanamume aliyelala, macho hayapepesi, midomo inacheza bila sauti. Alirudi kwake bila moto. Kufikia jioni, maneno yalikuwa yameshafika kisimani: Skolastika anamnuizia mumewe.

Aliyeyashika zaidi ni Thadei, mdogo wake Hironimus. Thadei alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na kaka yake hakukanyaga tena karakana yake. "Nesi amekataza," Skolastika alimwambia. Thadei alimtazama tu. Tangu siku hiyo, chai ya nyumba ile hakuinywa. Alikipokea kikombe, akakishika hadi kikapoa, akakirudisha kimejaa.

Sasa, asubuhi hii ya Jumanne, mwili wa Hironimus ulikuwa wa baridi.

Hospitalini daktari alisikiliza kifua, akamulika macho, akatikisa kichwa. Mashine ya kupima moyo ilikuwa bado imeunganishwa. Thadei aliingia, akakitazama kioo cha mashine. Mstari ulikuwa umelala. Juu yake vilisimama vijiti, kimoja, kingine, kingine, kwa nafasi sawa kama miti ya uzio.

"Hivyo ni nini?" alinong'ona.

"Ni betri," Devota alisema. "Inapiga hodi, kaka. Mwenye nyumba ameondoka."

"Itapiga mpaka lini?"

"Mpaka iishe. Miaka."

"Hata kaburini?"

Devota alianza kuzichomoa nyaya za mashine. "Hata kaburini."

Thadei aligeuka taratibu, akamwangalia shemeji yake. "Kaka yangu, mlongo wangu, hajafa," alisema kwa sauti ya chini. "Umemfunga. Unataka tuzike gogo, yeye ukamtumikishe kama msukule."

Siku ya maziko Thadei alisimama mbele ya jeneza lililokuwa wazi. Hazikwi mtu, alisema, mpaka chuma cha kifuani kitolewe na kinyamaze. Brigita alimvuta mwanawe karibu. Skolastika aliona kwamba hapo alikuwa anaweza kupoteza vyote: mume asizikwe, na yeye aitwe mchawi hadi kaburini kwake.

Akasogea. "Shemeji, nipe mkono."

Akavichukua vidole viwili vya Thadei, akaviweka kwenye mkono wa marehemu, pale pale alipozoea kuweka vyake.

"Kama yu hai, tusimzike. Ngoja dakika nzima. Ukimaliza useme mbele ya watu."

Thadei alingoja. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Kisha akauchomoa mkono kama aliyegusa chuma cha moto, akaufuta kwenye suruali.

"Zikeni," alisema.

Wakazika.

Skolastika alimshukuru Mungu. Lakini neno lile halikumtoka akilini. Thadei hakusema *amekufa*. Alisema *zikeni*. Na alikuwa amefuta vidole.

Baada ya misa ya arobaini alimfuata karakanani, mchana kweupe. Mashine zilikuwa zimezimwa. Vumbi lilikuwa limezifunika.

"Shemeji, siku ile ulisikia nini?"

Thadei alitazama mlangoni kwanza.

"Ulitumia kidole gumba?" Skolastika alimwuliza haraka. "Ukitumia gumba unajisikia mwenyewe."

"Vidole ulivishika wewe."

"Basi ulisikia nini?"

"Sitini," alinong'ona Thadei. "Wala sikuhesabu mimi, shemeji. Nilihesabiwa naye."

Skolastika alirudi nyumbani kwa miguu. Hakumwambia mtu. Daktari alisikiliza. Nesi alieleza. Yeye mwenyewe alimwosha, mwili ukiwa mgumu. Aliyarudia hayo njia nzima.

Asubuhi iliyofuata aliamshwa na kitu. Hakikuwa sauti. Ulikuwa uzito. Mwanga ulikuwa unaingia dirishani. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na mbili na robo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya blanketi, kiganja juu, na yeye hulala ameikunja mikono.

Hakuthubutu kuuvuta.

Dakika nzima ilipita. Uzito ukaondoka.

Kwenye kifundo cha mkono wake palikuwa na alama mbili, pana kama ncha za vidole, baridi, zenye udongo mwekundu.

Hakuzifuta. Alipiga magoti pale pale.

Ee Bwana, umpe Hironimus raha ya milele. Kama kuna hesabu iliyobaki, ihesabu Wewe. Yeye mwache alale. Amina.