Malipo Madogo ya Kila Mwezi

Dada alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Kila mwisho wa mwezi benki ilimtumia taarifa ya kadi yake ya mkopo. Yeye alisoma mstari mmoja tu: kiwango cha chini cha kulipa. Elfu ishirini. Alilipa siku hiyo hiyo, akatembea kifua mbele.

"Mimi sidaiwi na mtu," alimwambia mama yake. "Kila mwezi nalipa."

Kisha, kwa kuwa amelipa, alijizawadia. Mwezi huu viatu, mwezi ujao simu mpya. Kadi haikukataa. Balaa lilikuwa hapo.

Mdogo wake wa kiume alipata nafasi ya kusomea ufundi umeme chuoni. Dada aliahidi kulipa ada. Siku ya kulipa, kadi ilikataa mbele ya karani na foleni nzima. Kijana alitazama sakafu. Walirudi nyumbani.

Kesho yake dada alishona mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia. Mkata vitambaa, mama wa makamo wa meza ya jirani, akamuuliza kulikoni. Dada akampa taarifa ya benki.

"Mwanangu, unadaiwa laki saba!"

"Haiwezekani, mama. Si nalipa kila mwezi?"

"Unalipa riba. Katika hiyo elfu ishirini, elfu kumi na nane ni riba. Elfu mbili tu ndiyo inapunguza deni. Halafu wewe unaongeza viatu! Hata mimi nililiwa hivyo, miaka minne."

Dada akalia. Akanyakua mkasi aikate kadi.

"Weka chini! Huo ni wa kitambaa, plastiki itaua makali. Na kadi ukiikata, deni linabaki palepale. Nenda benki. Waambie waifunge. Omba kulipa kwa awamu, kwa riba nafuu. Na ulipe kila unachoweza, si kile kidogo wanachokuomba."

Alikwenda. Benki waliifunga kadi, wakapunguza riba. Aliuza simu, akashona hata Jumapili, akalipa elfu hamsini kila mwezi.

Lakini nafasi ya chuo alipewa mtu mwingine. Mdogo wake alikwenda kubeba matofali. Kila jioni dada aliona mezani viganja vya kijana vilivyochubuka.

Deni liliisha baada ya miezi kumi na tatu. Miezi sita mingine aliweka akiba ya ada. Chuo kilipopokea tena wanafunzi wapya, alimkabidhi mdogo wake pesa taslimu. Kijana hakuzipokea mara moja.

"Dada, hizi ni zako kweli?"

"Ni zangu."

Kijana alizihesabu mara mbili, mbele yake. Dada hakukasirika. Aliketi, akangoja amalize.