Sakurako wa Kwenye Kimashine

— Nataka cha siri, dada. Mchumba wangu asijue kabisa.

Chizuru aliganda nyuma ya rafu ya majiko ya kupikia wali. Alikuwa ameingia duka la vifaa vya umeme karibu na stesheni ya Kanazawa kununua balbu ya bafuni, balbu tu jamani! Na sasa mbele yake kuna mgongo anaoujua hata gizani. Tatsuro, fundi lipu, mwanaume wa kumuoa mwezi ujao, kainama juu ya kaunta ananong'ona na muuzaji msichana.

— Kimashine chenyewe kinaingia mfukoni, kaka, alisema muuzaji. — Kazi ni kuchagua programu. Hii inakuonyesha herufi ya kanji, hizi zetu za mistari mingi, wewe unachagua jibu.

— Hiyo ya kubahatisha. Sitaki.

— Hii ya pili unaandika mwenyewe kwa kikalamu kwenye kioo. Ukikosea mstari mmoja, inakukatalia.

— Jina la mtu naweza kuweka?

— Hapana, hiyo ina maneno yake tu. Lakini hii ya tatu unaandika vilevile, na kadi unatengeneza mwenyewe. Kadi unayoisahau inakurudia mpaka uchoke. Unayoijua, unaifuta.

— Basi nipe hiyo. Tuijaribu na Sakurako.

— Jina zuri! Ni nani?

Tatsuro alicheka, akajikuna kisogo.

— Huyo ndiye anayeninyima usingizi.

Chizuru aliiweka balbu juu ya jiko la wali, akatoka kwa mlango wa pembeni bila kununua kitu.

Jioni Tatsuro alirudi kwenye nyumba waliyopanga, amelowa mvua.

— Umechelewa, alisema Chizuru akimpakulia supu ya miso.

— Kazi. Kuna ukuta umetusumbua, lipu haikauki.

— Ukuta wa wapi?

— Wa... kule Nonoichi.

— Aha. Na huo ukuta unavaa sare ya dukani?

— Unasema?

— Kunywa supu, inapoa. 

— Balbu umeleta?

— Zilikuwa zimeisha.

Basi wakalala waongo wawili kwenye godoro moja. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hawa waliipita kwa wiki kadhaa. Tatsuro, ambaye chooni alikuwa hakawii, sasa anajifungia humo mpaka chai inapoa. Chizuru akitega sikio anasikia tik, tik, tik ya kikalamu. Akigonga, kimya. Usiku anamwangalia mwenzake akikoroma, anajiuliza kama aende kwa baba yake, mwalimu wa kuandika kwa brashi, amwambie zawadi za uchumba zirudishwe.

Zilipobaki siku chache tu za harusi, Tatsuro akiwa bafuni anaoga, simu yake ilitetemeka mezani. Chizuru hakusita hata kidogo. Aliifungua.

"Leo umenikosea tena pale pale. Nipigie kesho saa ile ile, nitakufundisha taratibu. Chizuru asijue. Sakurako."

Chizuru akaingiza mkono kwenye koti la Tatsuro, akakitoa kile kimashine, akakiwasha. Kadi moja: Sakurako. Akabonyeza mbele. Sakurako tena. Hakuna kadi nyingine humo ndani! Na herufi yenyewe ya kizamani, yenye mistari chungu nzima, vile wanavyopenda kujiandika wanawake wa vilabuni Katamachi ili waonekane wa hadhi. Akatafuta jina lake mwenyewe, Chizuru. Halimo. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Akapiga namba ile.

— Haloo? Sauti ilikuwa nzito, ya kukwaruza.

— Wewe Sakurako, nisikilize! Huyo unayemfundisha taratibu ana mwenyewe. Jumamosi ananioa mimi! Huna haya? Huna wazazi?

— Wazazi walishakufa. Hata televisheni hawakuiona.

— Usinifanyie mzaha, kicheche wewe!

Upande wa pili kikasikika kikohozi, na kikohozi kile Chizuru alikijua tangu utotoni.

— Chizuru, mjukuu wangu, kicheche gani asiye na meno? Nimeshayavua, yako kwenye glasi.

— Bibi? Bibi wa Wajima?

— Mwenyewe.

— Bibi... unaitwa Sakurako?

Msimcheke. Huku kwetu nani anamwita mkubwa kwa jina? Dada wa babu anayekaa Wajima ni Bibi wa Wajima mpaka anazikwa. Chizuru alikuwa amekula samaki wake kila kiangazi, na hata siku moja hakuwahi kujiuliza mama huyu aliitwaje na mama yake.

— Baba yako ndiye chanzo, alisema Bibi. — Alimwambia mwenzio kadi za majina ya wageni mezani aziandike mwenyewe, kwa brashi. Mtoto wa watu aliacha shule mapema, akaona aibu kukataa. Na mimi unanijua. Harusi ya binamu yako walikosea jina langu, nikaondoka kabla sijanywa sake. Ndiyo maana akaniomba nimfundishe langu, kila siku ananitumia picha ya alichoandika.

Mlango wa bafuni ulifunguka. Tatsuro akasimama na taulo, maji yanamchuruzika.

— Unaongea na nani kwenye simu yangu?

— Na mwanamke wako! Nilikusikia dukani, Tatsuro. "Mchumba wangu asijue!"

— Ulikuwepo? Ulifuata nini?

— Balbu!

— Kwa hiyo muda wote huu naoga gizani kwa sababu hiyo?

Chizuru alitaka kucheka, kilio kikawahi.

— Kwa nini hukuniambia?

— Ungeziandika wewe. Nilitaka baba yako amwoze binti yake kwa mtu anayeweza, si mtu anayeandikiwa.

— Na jina langu? Nimelitafuta, halimo. Bibi yumo, mimi simo!

Tatsuro aliketi sakafuni mbele yake na maji yake yote.

— Lako lilikuwa la kwanza. Nililiweka jioni ile ile, nikaliandika, kikakubali. Kesho yake, kikakubali. Sikulikosea hata mara moja, Chizuru. Wengine nimewafuta juzi juzi tu. Kadi unayoijua, unaifuta.

Chizuru alimkumbatia alivyo, amelowa, akalia kwa aibu na kwa furaha.

— Mmemaliza? iliuliza simu. — Tatsuro, shika kikalamu. Tuanze upya.

Jumamosi, ukumbini, Bibi wa Wajima aliinua kadi yake, akavaa miwani. Meza nzima ikamgeukia. Baba mkwe aliweka kikombe chini. Chizuru, ndani ya kimono nyeupe, aliushika mkono wa Tatsuro.

— Mstari wa mwisho umeyumba, alisema Bibi. — Lakini huyu ni mimi.

Akaichomeka kadi kwenye mkanda wa kimono yake, akaketi, akaomba sake.