Mtu Aliyekuja Kuulizia Faili Lake

Kila asubuhi, saa mbili kasorobo, Chemutai alifungua dirisha dogo la ofisi ya rekodi, akapangusa meza, akaweka kile kitabu kinene cha namba upande wake wa kushoto. Halafu wagonjwa walianza kuja. Kila mmoja alisukuma kadi yake dirishani, naye Chemutai alisoma namba ya kadi, akaenda kwenye rafu na kutoa faili.

Ulikuwa mwaka wa 1991, na Chemutai alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Kwao kulikuwa Kitale, lakini alikuwa amekuja Bungoma kwa mazoezi ya kazi ya miezi sita katika hospitali moja ya misheni, nje kidogo ya mji. Chuoni alikuwa amejifunza kazi ambayo watu wengi hawaijui. Daktari akishaandika ugonjwa kwenye faili, lazima mtu mwingine ausome kwa makini, autafute katika kitabu kile kinene, na auandikie namba yake. Surua ilikuwa 055. Pumu ilikuwa 493. Homa ya mapafu ilikuwa 486. Mwisho wa mwezi namba hizo zilijumlishwa, na wakubwa wakajua ni dawa gani ziletwe, na ziletwe wapi.

Chemutai alikuwa msichana mwenye haya, na alizipenda namba kwa sababu hazikumlazimisha apaze sauti.

Sasa ilibaki sahihi moja tu. Ijumaa ya mwisho ya Agosti, Bwana Gicheru, mkuu wa ofisi, ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu, angetia sahihi kwenye daftari lake la mazoezi, na Chemutai angepewa cheti. Hospitali moja ya Kitale ilikuwa imemwahidi kazi, mradi alete cheti hicho kabla ya mwezi wa Oktoba. Mama yake alikuwa ameshawatangazia watu wote kanisani.

Mwenzake ofisini aliitwa Lenah, mwenyeji wa Bungoma, mcheshi asiyenyamaza.

"Chemu, nipe karamu," alisema Lenah siku moja.

"Karamu? Nani anaoa?"

"Si hiyo bana! Karamu ya kuandika!"

Walicheka mpaka Bwana Gicheru akakohoa kuwaonya. Tangu wiki ya kwanza Chemutai alikuwa amegundua kwamba watu wengi wa pale walibadilisha *l* na *r*. Walisema "rori" kwa lori na "fairi" kwa faili. Akajizoeza kuwasahihisha kimyakimya kichwani. Akisikia *r*, aliandika *l*. Alijivunia sana ujanja huo.

Nyuma ya ofisi kulikuwa na chumba kingine, chembamba na chenye baridi. Humo ndimo mlimowekwa mafaili ya watu waliokufa, yakiwa yamepigwa muhuri mwekundu. Dirisha lake moja lilitazama njia ya kwenda chumba cha maiti. Lenah hakupenda kuingia humo.

"Uwe mwangalifu na muhuri ule," alimwambia Chemutai. "Ati ukimpiga mtu muhuri wa kufa na siku zake hazijaisha, anakuja mwenyewe kuuliza."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Nimejitungia. Lakini si inaogopesha?"

Jumatano ya wiki ile ya mwisho, mvua ilianza mara tu baada ya chakula cha mchana. Mawingu yalikuwa meusi kiasi kwamba saa tisa ilionekana kama magharibi. Umeme ukapotea. Bwana Gicheru alikuwa mkutanoni, na Lenah alikuwa amepeleka karatasi wodini. Chemutai alikuwa peke yake, akisikiliza bati likipigwa na mvua.

Hakusikia hatua za mtu. Aliona mkono tu. Mkono uliokonda, wenye kucha zilizoingia udongo, ulikuwa umelala dirishani ukitiririka maji, na chini ya vidole palikuwa na kadi.

"Naomba faili yangu," ilisema sauti ya mwanamume.

Kadi ilikuwa imelowa, lakini namba ilisomeka: 2117. Chemutai akaenda kwenye rafu. Akahesabu 2115, 2116, 2118. Katikati palikuwa na nafasi tupu, nyembamba kama jino lililong'oka.

Alirudi dirishani. "Jina lako nani, mzee?"

"Petero Wabwile. Wa Misikhu."

Chemutai aliitazama tena kadi. Jina hilo alilijua. Alikuwa ameliandika yeye mwenyewe.

"Ngoja kidogo," alisema.

Aliingia chumba cha nyuma akipapasa ukuta. Faili lilikuwa pale alipoliweka wiki tatu zilizopita. Lilikuwa na muhuri mwekundu: AMEFARIKI. Chini yake, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala, palikuwa na namba 486 na tarehe. Nje ya ukuta, mtu yule alikohoa. Alikohoa tena, polepole, kama mtu asiye na haraka hata kidogo.

Chemutai alifunga faili, akasimama gizani.

"Mwanangu," sauti iliita kutoka dirishani. "Nipo humo, siyo?"

Chemutai alilikumbatia faili kifuani.

"Nauliza kwa sababu nyumbani mambo yamekuwa magumu. Naibu wa chifu aliletewa orodha ya waliokufa hospitalini, na jina langu limo. Binamu yangu akaja analia kutoka barabarani. Akanikuta nafunga ng'ombe. Alinitazama, akanyamaza, akarudi kinyumenyume hadi barabarani. Tangu siku hiyo wajukuu hawali karibu nami. Mke wangu ananiwekea mkono kifuani nikilala, anadhani sijui. Hata mimi nimeanza kusikia nikiitwa jina nikiwa shambani peke yangu. Nikasema wacha niende niangalie kama bado nipo."

Chemutai alisogea mlangoni, akachungulia. Mzee alikuwa amevaa koti kuukuu na mguu wake wa kulia ulifungwa kitambaa. Damu na usaha vilikuwa vimepenya kitambaa hicho. Pumzi yake ilifanya ukungu kwenye kioo cha dirisha. Basi alikuwa hai. Na kama yeye alikuwa hai, aliyekufa alikuwa nani?

Hapo akakumbuka. Wiki tatu nyuma, mgonjwa mmoja aliletwa hajitambui, hana kadi, akafa kabla ya kufikishwa wodini. Muuguzi alileta karatasi: Petero Wabwire, homa ya mapafu. Kijana wa marehemu alisimama dirishani, macho mekundu, akasema baba yake alikuwa na faili hapo. "Wabwire," alisema, mara mbili. Chemutai akatabasamu moyoni. Akawaza kwamba ni ile *r* yao. Akatoa faili la Petero Wabwile, akapiga muhuri. Hakuuliza kijiji. Hakuuliza umri. Alimwonea huruma kijana yule, akataka asimsumbue kwa maswali.

Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Kama Bwana Gicheru angeliona faili lile, asingetia sahihi. Kama lingebaki hapo chumba cha nyuma, nani angekuja kulitafuta?

Chemutai alilirudisha faili kwenye rafu ya wafu. Akarudi dirishani.

"Faili lako limepotea, mzee," alisema, macho yakiwa chini. "Nitakufungulia jipya."

"Jipya?" Mzee Wabwile alimtazama. "Na lile la zamani, ni la nani sasa?"

Chemutai alichukua kalamu. Aliandika jina kwenye jalada jipya, jeupe, lisilo na neno lolote ndani, akamwelekeza chumba cha daktari. Mzee akachechemea kwenda, na maji yaliyotoka kwenye koti lake yakaacha mstari mweusi sakafuni.

Mvua iliendelea. Chemutai alijaribu kuandika namba, lakini kila alipoandika aliona nafasi ile tupu baina ya 2116 na 2118. Mwishowe hakuvumilia. Alirudi chumba cha nyuma, akalifungua faili lililopigwa muhuri, akalisoma tangu mwanzo, jambo ambalo hakulifanya siku ile. Kwenye ukurasa wa kwanza daktari wa zamani alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Asidungwe penisilini. Mwaka 1984 ilikaribia kumwua.*

Maneno hayo hayakuwemo kwenye jalada jeupe.

Chemutai, ambaye alikuwa hajawahi kukimbia hospitalini wala kupaza sauti mbele za watu, alikimbia na faili mkononi. Alipita wodi ya kina mama, akateleza, akainuka. Foleni ndefu ilikuwa nje ya chumba cha sindano. Alisukuma mlango. Sista Nyaruai, muuguzi wa zamu, alikuwa ameinua sindano kwenye mwanga wa dirisha, na Mzee Wabwile alikuwa amekunja mkono wa shati.

"Usimdunge!" Chemutai alipiga kelele. "Sista, usimdunge! Ni penisilini?"

"Ni penisilini. Kuna nini, wewe?"

"Itamwua. Imeandikwa kwenye faili lake. Faili lipo, halikupotea. Mimi nilisema uongo." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Nilimwandika amekufa, na nikalificha."

Sista Nyaruai aliiweka sindano kwenye sinia, polepole sana, akachukua faili na kusoma ule wino mwekundu. Kisha akaketi.

"Nilimwuliza kama kuna dawa inayomdhuru," alisema. "Akasema hakumbuki."

"Jina la ile dawa ni gumu," alisema Mzee Wabwile. "Nilijua mmeniandikia ninyi."

Jioni ile, umeme uliporudi, Bwana Gicheru aliwaita Chemutai na Mzee Wabwile ofisini. Mzee alikuwa amepewa dawa nyingine na mguu wake ulikuwa umefungwa bendeji safi. Faili 2117 lilikuwa wazi juu ya meza. Chemutai alinyoosha mkono kuchukua kifutio cha wino.

"Weka chini hicho," alisema Bwana Gicheru. "Faili la mgonjwa halifutwi wala halichanwi. Piga mstari mmoja juu ya kosa, mwembamba, ili kila mtu aweze kusoma ulichokuwa umeandika. Kando yake andika ukweli. Halafu jina lako na tarehe."

"Litabaki hapo siku zote, Mwalimu?"

"Siku zote."

Chemutai alipiga mstari. Aliandika: *Yu hai. Kosa ni langu.* Akaweka jina lake. Mzee Wabwile aliinama, akasoma herufi moja moja, midomo ikicheza.

"Yu hai," alirudia. Akavuta pumzi ndefu, akacheka kidogo. "Mniandikie na barua, niwaonyeshe wale wajukuu. Hawaniamini mimi."

Bwana Gicheru alimwandikia barua, na nyingine kwa naibu wa chifu. Daftari la mazoezi la Chemutai hakulitia sahihi.

Kesho yake Chemutai na Bwana Gicheru walikwenda Tongaren, nyumbani kwa marehemu Petero Wabwire, kwa sababu faili lake lilikuwa bado limekaa kwenye rafu ya walio hai. Mjane wake aliwapokea, akawapa viti, akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri. Ilikuwa kadi ya kumkumbusha mumewe siku yake ya kliniki ya presha, na mwandiko ulikuwa wa Chemutai.

"Ilikuja wiki moja baada ya kumzika," alisema mjane. "Nilijua ni makosa. Lakini siku hiyo ilipofika, nilijikuta nimemtolea viatu vyake mlangoni. Nikaketi kuvitazama mpaka jua likazama."

Chemutai alitaka kusema mengi. Alipiga magoti mbele ya mama yule, akashika mikono yake miwili, akasema, "Nisamehe, mama. Mwanao aliniambia jina la baba yake mara mbili, nami sikumsikiliza."

"Umekuja mwenyewe," alijibu mjane. "Inuka."

Nafasi ya Kitale ilichukuliwa na mtu mwingine. Chemutai alirudia miezi mitatu ya mazoezi. Kila mgonjwa sasa alimwuliza jina, akamwomba alitamke tena polepole, akamwuliza umri, kijiji na jina la baba, hata foleni ilipokuwa ndefu na watu wakinung'unika. Lenah alimwita Inspekta. Mwisho wa Novemba Bwana Gicheru alitia sahihi, na mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, hospitali nyingine ya Kitale ikampa kazi.

Siku ya kumpa cheti, Bwana Gicheru alikishika kidogo kabla ya kukiachilia.

"Hata mimi nina mistari yangu kwenye mafaili ya watu," alisema. "Kukosea hakukukufanya usifae kazi hii. Kuficha ndiko kulikotaka kumwua mzee. Jina la mtu ni lake mwenyewe, Chemutai. Sisi kazi yetu ni kumwuliza, si kumrekebishia. Na siku utakayokosea tena, maana utakosea, sema saa hiyohiyo, wakati mtu bado anaweza kusaidiwa."

"Nitasema, Mwalimu," alijibu Chemutai. Na kwa mara ya kwanza katika ofisi ile, alisema kwa sauti iliyosikika hadi nje ya dirisha.