Mtu Mmoja kwa Vyumba Viwili

Mama Mbombo aliuza unga wa mahindi karibu na reli, katika soko la mtaa wa Shituru. Kila asubuhi alifungua gunia, akaomba kwa kifupi, kisha akaanza kupima. Wateja walimjua kwa mambo mawili: kopo lake lilijaa mpaka juu, na mdomo wake haukuwa na mlango.

Siku moja binti yake Hadassa alimkuta pale sokoni. Hadassa alikuwa muuguzi katika hospitali ya mtaa wao. Alishika barua mkononi.

"Mama, dokta mukubwa aliniita."

"Ulivunja nini tena?"

"Hapana, mama! Banataka kunituma Lubumbashi, kusoma anestezi. Miaka tatu. Kisha nitarudia kutumika hapa."

"Anestezi njo kitu gani?"

"Ni kulalisha mugonjwa, banganga bamupasule bila maumivu. Na kumulinda mupaka aamuke."

Mama Mbombo aliweka kopo chini. "Kazi ya Philippe?"

Hadassa alikunja barua.

Miaka minne nyuma, Mukendi, kaka yake Mama Mbombo, aliumwa tumbo. Jamaa walimlaza siku nne katika chumba cha maombi. Siku ya tano tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Ndipo walipombeba hospitali. Alifia juu ya meza ya operesheni, akiwa amelalishwa na Philippe.

Siku ile Mama Mbombo alipiga kelele uani: "Sindano ya Philippe njo ilimuua! Muchawi!"

Kelele ilitembea mbali kuliko yeye mwenyewe. Vijana wa mtaa walivunja vioo vya nyumba ya Philippe kwa mawe. Mwezi haukuisha, Philippe alifunga mizigo, akahamia Kolwezi na jamaa yake. Hospitali ilibaki na mlalishaji mmoja tu, Papa Damas.

"Minye sitoe mutoto wangu aitwe muchawi," Mama Mbombo alisema. "Unalalisha bantu mia, hakuna mwenye anasema aksanti. Mumoja anakufa, banaokota mawe."

"Mama, mawe ile, ni nani alianzisha?"

"Weye! Unafikiri unasema na nani?"

Katika nyumba yao mtoto hakwenda mbali kabla mzazi hajamwekea mikono kichwani na kumwombea. Mama Mbombo alikataa kuinua mikono. Hadassa alilia, kisha akairudisha barua hospitalini.

Miezi mitano ilipita. Danielle, mke wa Ricky, mtoto wa kwanza wa Mama Mbombo, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Walifika hospitali mapema, kama walivyofundishwa. Saa nne asubuhi daktari alisema mtoto hapiti. Lazima operesheni, na upesi.

Daktari alikuwapo. Vyombo vilikuwapo, vimechemshwa. Chumba cha pili cha operesheni kilikuwa tupu na safi. Aliyekosekana ni mtu wa kumlalisha. Papa Damas alikuwa chumba cha kwanza, na mchimba mawe aliyevunjwa miguu yote miwili.

Hadassa alikuwa kazini siku hiyo. Mama yake alimshika mkono mlangoni.

"Papa Damas atoke kidogo tu! Amupige Danielle sindano, arudie kule!"

"Hawezi, mama."

"Ule mwanaume analala tayari! Analala tu!"

"Mama, sikia. Ule mwenye analala hapumui yeye mwenyewe. Papa Damas njo anamupumulisha. Anaangalia damu, anaangalia moyo. Akitoka, ule baba anakufa."

"Na Danielle?"

Hadassa alikimbia kumtafuta daktari. Walipiga simu hospitali nyingine. Mlalishaji wa kule naye alikuwa mmoja, naye alikuwa ndani ya operesheni. Gari la wagonjwa lilikuwa njiani kwenda Lubumbashi na mgonjwa mwingine.

Ricky alifika kutoka machimbo ya Kakontwe, vumbi jeupe la mawe mpaka kwenye kope. Aliketi chini ukutani. Mama Mbombo aliomba mpaka sauti ikakauka. Lakini katikati ya maombi jina moja lilikuwa linamjia, na yeye alilisukuma: Philippe. Liliondoka, likarudi.

Saa sita na nusu Papa Damas alitoka. Shati lilimgandia mgongoni. Alikunywa maji akiwa amesimama, akaingia chumba cha pili bila kuketi.

Danielle alipona. Mtoto alikuwa mwanamume, mzito, mwenye nywele nyingi. Hakulia. Walimsugua, wakampulizia pumzi, lakini hakulia.

Walimzika kesho yake. Waliporudi kutoka makaburini, Ricky alimtazama mama yake.

"Sasa, mama, tupige kelele? Tuseme ni nani alimuua?"

Mama Mbombo aliingia ndani, akafunga mlango. 

Wiki iliyofuata alikwenda nyumbani kwa Papa Damas. Alimkuta ameketi mlangoni, miguu ndani ya beseni la maji moto.

"Karibu, mama. Kama unakuja na mawe, nivute miguu kwanza."

"Sikuje na mawe, papa." Aliketi. "Kama Philippe alikuwaka hapa, siku ile…"

"Tungeanza saa ine. Mutoto alikuwa bado anacheza katika tumbo."

Mama Mbombo aliinamisha kichwa. Kisha aliuliza, "Na Mukendi? Niambie ukweli."

"Utumbo wake ulitoboka kabla mumulete. Tumbo lilijaa usaha. Philippe alimupigania mupaka mwisho, akalia kama mutoto. Sindano haikumuua, mama. Siku ine zile njo zilimuua."

"Tulikuwa tunaomba!"

"Minye pia ninaomba. Sijalalisha muntu hata mumoja bila kuomba. Lakini Mungu alitupa magoti na alitupa miguu. Ungepiga magoti katika gari, mukienda hospitali."

Alisema bila hasira, na hilo liliuma zaidi.

"Bantu banazani kazi yetu ni sindano moja, kisha kuketi," aliendelea. "Mbele ya operesheni ninauliza: ulikula saa ngapi? Mwili wako unakatala dawa gani? Mugonjwa akinificha kama alikula, chakula inaweza kupanda na kuingia katika mapafu. Kisha ninamulinda kila dakika mupaka anaamuka. Siwezi kulinda babili katika vyumba bibili. Na niko na miaka makumi sita na mbili. Simu yangu hailale. Muntu mwenye kuchoka anakosea, mama. Ninaogopa siku ile itafika."

"Siku hizi banganga banatumika na mashine. Basilete moja ya kulalisha bantu?"

Papa Damas alicheka, lakini kwa uchungu. "Mashine haitoroke mawe, ni kweli. Lakini inaomba muntu wa kuitumikisha. Muntu anasoma miaka, na anabakia kule kwenye banamuheshimu. Nafasi ya mutoto wako iko bado. Shule inaanza mwezi wa kumi."

Jumapili, saa ya ushuhuda, Mama Mbombo alisimama mbele ya kanisa. Watu walingoja habari ya ushindi. Akasema: "Minye nilifukuza mulalishaji mumoja na kelele yangu. Wa pili nilimufungia mulango katika nyumba yangu. Mujukuu wangu alikufa akingoja bale babili."

 Mama mmoja alitoka nje. Mchungaji alifuta uso, kisha akasema kuanzia leo mgonjwa hatalazwa tena katika chumba cha maombi. "Tutamuombea kwenye kitanda cha hospitali."

Wiki ile wanawake kumi na wawili walikwenda na Mama Mbombo kwenye kamati ya afya ya mtaa. Waliomba mambo mawili: kila mwaka muuguzi mmoja atumwe kusoma kazi hiyo, na daktari atoke mwenyewe kuwaeleza jamaa kila kifo, kabla uvumi haujatoka. Kamati ilibishana, ikakubali. Mwezi wa tisa Mama Mbombo alimwekea Hadassa mikono kichwani. Akamwombea.

Hadassa alirudi baada ya miaka mitatu. Katika mwezi wake wa kwanza wanawake wawili walipasuliwa saa ileile, katika vyumba viwili, na watoto wote wawili walilia. Papa Damas alianza kupumzika siku mbili kwa juma. Danielle alipochukua mimba tena, aliuliza mapema kliniki ni mlalishaji gani atakayekuwa kwenye zamu. Alizaa msichana kwa operesheni. Kaburi la kaka yake mtoto huyo liko palepale.

Kisha siku moja mgonjwa alifia mezani, mikononi mwa Hadassa. Mama Mbombo alikuwa uani, amemletea bukari, ugali wa unga wake, na samaki. Alimsikia mwanamke akilia kwa sauti kubwa: "Ule binti wa sindano njo alimuua bwana yangu!" Vijana watatu walisimama.

Mama Mbombo aliweka sahani chini, akamwendea yule mwanamke.

"Dada, bwana yako aliumwa siku ngapi kwenye nyumba?"

"Weye ni nani? Niache!"

"Siku ngapi?"

Mwanamke alifuta machozi. "Sita."

"Lia, dada. Lia sana, uko na haki. Lakini usiite jina ya muntu. Minye niliita moja. Nilizika mutoto sababu ya ile jina."

Mwanamke alimsukuma kifuani. Hakumshukuru, wala hakumwamini. Lakini hakutaja jina. Mama Mbombo aliketi kando yake kwenye saruji mpaka daktari alipotoka na kuanza kueleza. Vijana walisikiliza, mikono mfukoni.

Saa nane Hadassa aliosha uso, akanawa mikono, akaingia chumba cha pili. Mgonjwa mwingine alikuwa anamngoja.